Kimo cha Mdogo Wangu

Kwetu Nyabiondo, Noeli ilianza katika safu ya miti ya sipre. Mzungu wa shamba la kinkina, mti ambao magome yake hutoa dawa ya malaria, alikuwa ameipanda kuzuia upepo, na baba, aliyetunza kitalu cha miche katika shamba hilo, alipewa kila Desemba kazi ya kuipunguza ili isibanane. Miti iliyokatwa ilikuwa kuni za kukaushia magome ya kinkina. Mmoja tu baba aliruhusiwa kuuleta nyumbani, na huo tuliuchagua sote Jumamosi ya mwisho kabla ya sikukuu. Tulipanda mlima asubuhi katika ukungu, nguo zikilowa hadi magotini, mama akitangulia kwa sababu ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

Mama alikuwa binti wa msitu. Baba alimwoa kutoka Ntoto, upande wa Walikale, na ingawa alibatizwa siku moja na ndoa yake, alikuja milimani na desturi moja ya nyumbani kwao ambayo hakukubali kuiacha: mti haukatwi kimyakimya. Sharti uwekwe mkono kwenye gome na uambiwe sababu. Kwa hiyo, tulipokwisha kuuchagua, mama aliusogelea, akaweka kiganja, akautajia mmoja mmoja majina ya watu wa nyumba yetu walio hai, ambao mti huo ungewabebea taa.

Baba alisimama kando na shoka lake akitabasamu.

"Mama ya batoto, huyu muti ulishabatizwa?"

"Bado. Njo maana iko nasikia vizuri kuliko weye."

Tukacheka sote, na baba akakata.

Mti ulisimikwa mwisho wa uwanja wetu, pale ardhi inapoanguka kuelekea mtoni. Kisha kila mmoja wetu alisimama ameupa mgongo mti. Mama alilaza kiganja juu ya utosi wa mtu, na kwa kimo hicho hicho akabandika kwenye tawi donge la udongo mbichi. Jua lilipozama, aliweka juu ya kila donge ganda la konokono wa msituni lililojaa mawese, na utambi wa pamba ndani yake. Maganda hayo yaliletwa na wajomba zetu, waliokuja na nyama ya moshi na kurudi Ntoto na maharagi. Mgeni akiutazama mti wetu angeona taa zilizotawanyika bila mpango. Sisi tuliona watu: baba juu kabisa, mama chini ya bega lake, halafu bibi, mama yake baba, ambaye kila mwaka alilalamika kwamba taa yake imeshushwa.

"Munanipunguza! Mwaka kesho mutaniweka chini kwa mizizi."

"Ni weye mwenyewe unarudia udongo, Mama," baba alimjibu. Bibi akampiga kwa ufagio.

Familia nyingine za Kikristo ziliwasha pia, kila moja kwa namna yake, na sisi watoto tulikimbia ukingoni kutazama bonde zima likiota mianga, tukishindana kutambua nyumba ya nani ni ipi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapambo ya Noeli niliyoyajua. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi mjini, niliona barabara nzima imetundikwa taa za umeme za rangi, na wenzangu wakastaajabu kwamba sikuweza kuitazama.

Mwishoni mwa miaka ya arobaini, nilipokuwa na miaka minane, doa lilitokea mgongoni mwa mama. Halikuwasha wala kuuma, na hilo ndilo lililomtisha baba. Munganga wa serikali alipopita kupima watu, alimchoma kwa sindano katika doa lile, mama akiwa amefumba macho, naye hakujua kwamba amechomwa. Baada ya wiki moja alipelekwa kwenye kambi ya wagonjwa wa ukoma.

Ajabu ya mambo ni kwamba hakwenda mbali. Kambi ilikuwa kwenye mlima wa pili, ng'ambo ya mto wetu. Asubuhi yenye anga safi tuliweza kuona moshi wa majiko yao na watu wadogo kama siafu wakienda kuteka maji. Lakini watoto walikatazwa kabisa kuvuka daraja. Baba aliruhusiwa mara moja kwa mwezi. Alipeleka viazi na sombe ya majani ya muhogo, akakaa upande mmoja wa mfereji uliozunguka kambi na mama upande wa pili, wakazungumza mpaka kengele ilipopigwa.

Mdogo wangu wa mwisho, msichana, alikuwa na miaka miwili tu mama alipoondoka. Kati yetu alikuwa kaka yangu, niliyemzidi mwaka mmoja na nusu. Asubuhi ya kuondoka, mama alinishika mabega, kwa mara ya mwisho kabla ya ule ugonjwa kutufanya tuogope kushikana, akanipa kazi.

"Siku ya Noeli utawapima. Usikadirie kwa macho. Kila mutoto asimame, uweke mukono juu ya kichwa. Mimi nitakuwa kule ng'ambo, nitaangalia. Nikiona taa ya huyu mudogo imepanda, nitajua iko anakula."

Noeli ya kwanza nilifanya kama alivyoniagiza. Niliongea na mti, nikiona aibu mbele ya kaka yangu, nikayataja majina sita. Nilimsimamisha mdogo wangu penye shina, naye hakutulia, aliuma udongo akidhani ni chakula, na bibi akalazimika kumshika miguu. Jioni taa sita ziliwaka. Ng'ambo, kwenye mlima wa kambi, mianga midogo ilijitokeza katika mstari mmoja, kila mgonjwa na wake. Mmoja ukajitenga na mingine, ukasogea mpaka mwisho wa uwanja wao, ukapanda na kushuka mara sita. Mama alikuwa ametuhesabu.

Mwezi wa saba uliofuata, surua ilipita milimani. Mdogo wangu aliugua siku tisa. Siku ya kumi alikufa, alfajiri, mgongoni mwa bibi.

Nimejaribu mara nyingi kuandika juu ya asubuhi ile nikashindwa, na sasa nadhani nimeelewa sababu. Asubuhi ile haikuwa na sauti. Baba alisimama mlangoni akawazuia wanawake wa jirani kupiga yowe, maana kutoka uwanjani kwetu yowe lingevuka mto. Katekista wetu alikuwa amekuja kabla ya jua kuchomoza, na nilimsikia akimweleza baba kwa sauti ya chini kwamba dawa mpya imefika kambini, kwamba inaponya, lakini mtu lazima aitumie miaka bila kukatiza. Akamkumbusha habari za mgonjwa mmoja aliyesikia mkewe amefariki, akatoroka usiku, akarudishwa baada ya mwaka akiwa hana tena vidole.

"Akijua, atavuka mto leo leo," baba alisema. "Namujua. Atavuka hata bila daraja."

"Basi asijue," katekista akajibu. "Mpaka apone."

Kwa hiyo tulimzika mdogo wangu nyuma ya migomba, mahali ambapo jicho la ng'ambo halifiki, na tukalia tumeziba midomo kwa nguo. Matanga yalikaliwa ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Majirani waliapa kunyamaza, na walinyamaza kweli. Sijapata kuona tena watu wengi hivyo wakitunza siri moja kwa mapenzi matupu. Bibi peke yake hakukubali. Alimheshimu mwanawe akafunga mdomo, lakini aliponiona nimekaa peke yangu aliniambia, "Muntu akifiwa, kilio njo mali yake. Sisi tunamuibia huyu mama."

Mimi nilikuwa mtoto. Nilitaka mama arudi akiwa na vidole vyake.

Noeli ilipokaribia, baba alitupeleka kwenye safu ya sipre kama kawaida. Tulichagua mti. Nikaweka mkono kwenye gome, nikamtaja bibi, nikamtaja baba, mama, kaka yangu, nikajitaja mimi. Nikaondoa mkono. Shoka la baba halikuinuka.

"Sema na jina ya yule," alisema.

"Papa, mama alisemaka tutaje wale wako hai."

Baba alinitazama. Alikuwa mtu wa sala, asiyeruhusu hata mzaha wa uongo nyumbani kwake. "Sema tu," akarudia. "Mungu ataniuliza mimi."

Nikalitaja jina la mdogo wangu, na mti ukakatwa.

Nyumbani nikakutana na tatizo ambalo hakuna mtu mzima aliyelifikiria. Taa ya sita iwekwe wapi? Ikibaki pale ilipokuwa mwaka uliopita, mama angesema mtoto hakui. Kaka yangu alionyesha tawi mojawapo, lakini nilikuwa nimeonywa nisikadirie kwa macho. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwapo mtoto wa kike aliyezaliwa juma moja na mdogo wangu. Walinyonyeshwa pamoja, wakati mwingine kwa kubadilishana. Nilimwendea mama yake nikamwomba anikopeshe mtoto wake kidogo.

Alielewa mara moja. Alibaki ameinamia sufuria yake ya maharagi, hakuniangalia.

"Kumusimamisha mwanangu mahali pa maiti," alisema.

"Ni kumupima tu, Mama. Nitamurudisha sasa hivi."

Alimchukua mtoto, akamfuta pua, akamtia mikononi mwangu. Nami nikamsimamisha penye shina, nikalaza kiganja juu ya utosi wake wenye joto, nikabandika udongo. Jioni taa sita ziliwaka. Mwanga wa ng'ambo ulipanda na kushuka mara sita, kisha, baada ya kitambo, mara ya saba peke yake, juu kuliko nyingine. Baba aliingia ndani. Mimi ndiye niliyebaki nikiutazama, na naungama kwamba nilifurahi. Mama alikuwa ameona mtoto wake anakua. Kazi niliyopewa nilikuwa nimeifanya vizuri.

Uongo ule haukukaa juu ya mti tu. Kila mwezi, ukingoni mwa mfereji, mama aliuliza habari, na baba alimpa za mtoto wa jirani: sasa anajua kuimba, ameumwa na kuku, hataki kula sombe isiyo na mawese. Alizikusanya njiani, akisimama makusudi uwanjani kwao kumtazama yule mtoto akicheza. Mwaka uliofuata nilimwazima tena. Alikuwa amezoea, akasimama wima bila kuambiwa, akaomba apimwe mara mbili. Taa ikapanda kiganja kizima.

Mwaka wa nne tangu mama aondoke, tulipewa habari njema. Vipimo viwili vilikuwa safi, na cha tatu kikiwa safi vilevile angeruhusiwa kurudi baada ya Pasaka. Baba alianza kukonda. Alikuwa na miezi ya kujiandaa, alisema, angemwomba katekista amsindikize, angemwambia yeye mwenyewe, palepale mferejini, kabla hajavuka. Hakujua kwamba kipimo cha tatu kilikuwa kimetoka mapema, wala kwamba mama alimsihi munganga amwachilie kabla ya sikukuu, na kumwomba asitume mtu yeyote kutuambia. Alitaka kutustukiza.

Alasiri ya mkesha, baba alikuwa bado kitaluni. Kaka yangu alikuwa ametumwa kuni. Bibi alikuwa ndani akichagua mchele. Mtoto wa jirani, mwenye miaka mitano na nusu sasa, alikuwa amesimama ameupa mgongo mti wetu, kidevu juu, akijivuta ili aonekane mrefu.

"Usisimame kwa vidole," nilimwambia.

"Sisimami. Miye nimekuwa mukubwa."

"Shusha kisigino, mwongo weye!"

Alicheka. Mkono wangu mmoja ulikuwa juu ya utosi wake, mwingine umeshika udongo. Nilisikia kitu kizito kikianguka nyuma yangu. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni mwa uwanja, na furushi lake limelala chini miguuni pake.

Hakunitazama. Macho yake yalikuwa kwa mtoto. Alipiga magoti palepale kwenye udongo, akafungua mikono, akaita jina la mdogo wangu. Aliliita taratibu, mara mbili, kama mtu anayemwita ndege asiruke.

Mtoto alijificha nyuma yangu akashika gauni langu.

"Ananiogopa," mama alisema. Alikuwa bado anatabasamu. "Haiko kosa yake. Alikuwa mudogo sana. Umwambie mimi njo mama."

Niliangusha udongo niliokuwa nimeushika. Mama alijivuta akafungua furushi lake, akatoa gauni la kitambaa cha buluu chenye maua meupe. Alikuwa amelishona mwenyewe kwa sindano ya mkono, kwa vidole vyake kumi. Akalikunjua mbele yake, akalinganisha na mtoto kwa mbali, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Lilikuwa la kimo chake hasa.

"Nilikuwa napima na taa," aliniambia. "Ulifanya kazi muzuri."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, nimefundisha watoto wa watu kutunga sentensi, na bado najua kwamba sentensi ngumu kuliko zote nilizopata kusema ilikuwa na maneno manne. "Mama, huyu haiko wetu."

Alinitazama, akasubiri. Nadhani alidhani natania. Ndipo bibi alipotoka ndani na ungo mkononi, akamwona, na ungo ukamponyoka, mchele wote ukamwagika uwanjani. Kutoka usoni mwa bibi mama akasoma kila kitu. Hakuuliza nani, hakuuliza nini. Aliuliza, "Lini?"

"Surua," bibi alisema. "Ile mwaka ya kwanza."

Niliona mama akihesabu. Midomo yake ilisogea. Alikuwa anarudi nyuma, Noeli moja baada ya nyingine, taa moja baada ya nyingine, na alipofika mwisho alilikunja gauni vizuri, pindo juu ya pindo, akampa mtoto wa jirani. "Chukua. Umeshasimama sana kwa ajili yetu." Mtoto akakimbia nalo kwao.

Kisha akaomba aonyeshwe. Nilimpeleka nyuma ya migomba. Udongo ulikuwa umekwisha kushuka ukalingana na ardhi, na bibi ndiye aliyepafyeka kila mwezi, la sivyo nisingepatambua. Mama alikaa chini. Aliuliza mtoto alizikwa na nguo gani, nikamwambia. Aliuliza kama aliita mtu wakati wa homa. Hapo nilidanganya tena, nikasema hapana.

Habari za kupona kwake zilikuwa zimekimbia mlima mzima. Baada ya saa moja majirani walianza kufika na ndizi, na kuku waliofungwa miguu, na kuimba, maana aliyerudi kutoka kambini alikuwa kama aliyefufuka. Wakamkuta amekaa sakafuni, amevua kitambaa cha kichwa, miguu ameinyoosha mbele kama mfiwa. Wimbo ukakatika. Hakuna aliyejua afanye nini. Walikuwa wamekwisha kumlilia mtoto huyo, wakanyoa, wakaoga, wakarudi mashambani, wengine wakazaa watoto wapya. Wanawake wawili walijaribu kuanza kilio, kikakosa nguvu, kikafa. Wakaweka kuku zao chini wakaenda mmoja mmoja, kwa heshima.

Baba aliporudi, alisimama mlangoni na kofia mkononi. Mama alimtazama bila hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

"Uliniambia aliumwa na kuku," alisema. "Nilicheka wiki muzima."

"Nilitaka upone."

"Nimepona."

Hayo tu. Baba alikwenda kukaa nje, akabaki huko, na jioni ilipoingia hakuna aliyekumbuka mawese wala maganda. Waliendelea wote wawili na maisha yao, walizeeka pamoja, walizaa hata mtoto mwingine. Lakini tangu siku ile, baba alipomletea habari yoyote, iwe njema iwe mbaya, mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akaenda kuuliza kwa mtu mwingine. Alifanya hivyo kwa upole, na baba alimwacha aende.

Mimi niliingia nikakaa karibu naye sakafuni. Alikuwa ameanza kulia, kwa sauti iliyopanda kutoka mahali ambapo sikujua kwamba mtu ana sauti. Nilitaka kumsaidia. Nikatafuta machozi yangu, na sikuyapata. Nilikuwa nimeyamaliza kidogokidogo katika miaka miwili na nusu, chini ya blanketi, njiani kwenda shule, nyuma ya migomba. Nikafunika uso kwa mikono, nikatoa sauti kama yake, nikatikisa mabega.

Mama alinyamaza akasikiliza. Kisha akaweka mkono juu ya mgongo wangu.

"Acha, mutoto wangu," alisema. "Ya kwako ilishaisha. Uniachie yangu."

Nikanyamaza. Nikabaki pale pembeni, nikimsikiliza mama yangu akiuanza peke yake msiba ambao sisi sote tulikuwa tumekwisha kuumaliza.